Mtumbwi Aliopaka Kalunde

Nikisema hodi, ninyi semeni karibu. Hodi!

Karibu!

Hodi!

Karibu!

Hodi ya tatu naiweka akiba. Mtaisikia mwisho, kama hamjalala. Haya, kila mmoja achukue hindi lake, mikono ipukuchue na masikio yasikilize. Na wewe acha kumfinya mwenzako.

Zamani, zamani ile ambayo wazee wa wazee wetu waliisikia kwa wazee wao, bata wa mwitu walikuwa wengi hata wakiruka pamoja jua lilizimika, kama mtu kalifunika kwa ungo. Zamani hizo kulikuwa na bwawa, jina lake Nyalusanga. Msifikirie dimbwi. Nyalusanga lilikuwa maji na mafunjo, mafunjo na matete, matete na maji tena, mpaka macho yachoke. Na mafunjo yake mengine hayakuwa na mizizi chini. Yalielea. Upepo wa mchana ukivuma, visiwa vya mafunjo vilitembea. Asubuhi njia iko hapa, alasiri njia haipo. Ndiyo maana wawindaji wa bata waliingia alfajiri na kutoka jua likiwa utosini. Aliyebaki mchana, amebaki.

Na humo ndani kulikuwa na Mgongaji.

Mnauliza alifananaje? Hakuna aliyemwona. Alisikika tu. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Unasikia kitu kinagonga, unageuka, unaona matete matupu. Sheria yake ilikuwa moja na kila mtoto aliijua kabla ya kujua kuogelea: ukimsikia Mgongaji, usiitike, usimwite mtu jina, ondoka. Mwaka mmoja, zamani kuliko zamani hii, aligonga siku tano mfululizo, na watu wakala viporo baridi kwa kuogopa hata kuwasha moto.

Basi. Katika kijiji cha kando ya bwawa hilo aliishi mwanamke, Kalunde, mke wa Mlekwa mwinda bata. Walikuwa na mtoto mmoja, Holo, aliyekuwa akiota meno na kulia usiku kucha. Waliishi na mama yake Mlekwa, Nyamizi, mwanamke mkavu kama kuni, mwenye maneno machache na yote makali. Mume wa Nyamizi aliingia bwawani Mlekwa akiwa bado tumboni, hakutoka. Nyamizi alimlea mtoto peke yake kwa kukata mafunjo na kusuka majamvi, na habari ya mume wake hakuisema, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Kalunde alijulikana kwa kitu kimoja: kupaka mitumbwi.

Kupaka mitumbwi ya bata ilikuwa kazi ya wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokandika nyumba, na mkono unaojua ukuta unajua na ubao. Mtumbwi wa bata ulikuwa mwembamba, mwindaji alilala ndani yake na upinde wake kama mtu aliyelala kaburini. Mti mtupu bata huuona kutoka mbali. Kwa hiyo ulipakwa ufanane na matete. Tope jeusi la chini ya maji, majivu ya mafunjo, udongo wa manjano wa kichuguu, majani ya kunde yaliyopondwa. Yote yakafungwa kwa utomvu wa mgunga ili maji yasiyaoshe.

Wanawake wengine walichora matete. Kalunde hakuchora matete. Kalunde alichora jua linavyoyapiga matete. Sikilizeni vizuri hapa, maana kisa chote kimekaa hapa. Wawindaji waliwinda asubuhi, na mtumbwi ulilazwa kichwa kikielekea mawio, kwa sababu bata walikuja wakitokea huko. Asubuhi jua likichomoza, kila tete lina upande wa jua na upande wa kivuli. Basi Kalunde alichukua ubua alioutafuna ncha, na kila tete alilolipaka alilipa upande mweupe wa kuelekea kichwa cha mtumbwi, na upande mweusi wa kuelekea mkia. Mtumbwi wake ukiwa katikati ya matete asubuhi, hata mwenyewe aliutafuta.

Lakini kulikuwa na mila. Kila mtumbwi ukishakauka, mke wa mwenye mtumbwi alichovya mkono katika udongo mweupe na kuupiga kiganja ubavuni, karibu na mkia. Pa! Kiganja hicho kiliitwa kiganja cha kurudi. Bata asikuone, lakini watu wako wakuone. Hakikufutwa.

Mwaka huo kweleakwelea walikula mtama wote, wakabakiza mabua. Watu walitegemea bata. Jioni moja Mlekwa akarudi, akatupa bata mmoja mlangoni.

"Mama Holo, bata wameshakijua kiganja chako."

"Wamekijuaje? Wameolewa nacho?"

"Sitanii. Leo limekuja kundi, wengi kama siafu. Wakashuka, wakashuka, nimeshavuta upinde. Mmoja akaona kile cheupe. Wakapaa wote. Huyu nimempata kwa kuwa ni kilema."

"Kilema naye ana nyama."

"Mmoja, kwa watu wanne?"

Kalunde alichochea moto. Alikuwa amembeba Holo mgongoni, Holo analia, chungu kinachemsha maji na ndani ya maji hamna kitu.

"Kifunike," Mlekwa akasema. "Kesho tu. Keshokutwa unakirudisha."

"Kiganja hakifutwi, Baba Holo. Umezaliwa hapa, unajua."

"Najua. Na njaa naijua. Siku moja tu."

Wajukuu zangu, watu wengi hufanya makosa makubwa si kwa ubaya, ila kwa sababu wamechoka na wanataka kwenda kulala. Kalunde alichovya kitambaa katika tope, akakifunika kiganja. Na kwa kuwa hakujua kufanya kazi mbovu, hakuacha doa. Akachukua ubua, akachora matete juu yake, tete baada ya tete, upande wa jua, upande wa kivuli. Mlekwa akausukuma mtumbwi kwenye matete ya dikoni, pale mitumbwi inapofungwa. Kalunde akarudi nyuma hatua kumi, akageuka.

Hakuuona.

Akacheka kidogo. 

Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yake na mzigo wa mafunjo kichwani.

"Kiganja kiko wapi?"

"Ni kwa kesho tu, mama."

Yule mama akatazama maji kwa muda. "Baba yake naye alikuwa mtu wa kesho tu," akasema, akaenda zake.

Alfajiri Mlekwa aliingia bwawani. Jua likapanda. Jua likafika utosini. Ukarudi mtumbwi mmoja, ukarudi wa pili, ikarudi mingine yote. Wa Mlekwa haukurudi. Upepo ukaanza kuvuma, na kwa mbali mafunjo yakaanza kutembea.

Siku ya pili asubuhi wanaume walitoka kumtafuta, wakiongozwa na Lugusha, mdogo wake Mlekwa kwa baba mdogo. Walipita huku, walipita kule, kimya kimya, kwa kuwa mtu haitwi jina katika bwawa lile. Adhuhuri wakarudi. Hawakuona kitu.

Siku ya tatu asubuhi wakatoka tena. Safari hii walirudi mapema, na walirudi wakipiga makafi kama watu wanaofukuzwa. Lugusha alishuka majini kabla mtumbwi haujafika, akaanguka, akainuka, akaja juu.

"Mgongaji," akasema. "Yuko kwenye pembe ya mashariki. Tumemsikia."

Wanawake wakavuta watoto ndani. Milango ikasikika ikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Mzee Kapela, aliyekuwa mkuu wa bwawa, akaja na kapu la majivu, akaanza kuyamwaga dikoni kutoka mti mpaka mti. Ilikuwa alama kwamba bwawa limefungwa: siku saba hakuna kuingia, hakuna kuchota maji hata ya kunywa.

Kalunde akamfuata. Hakulia. Kulia kuna wakati wake, na Holo alikuwa bado hajanyonya.

"Mzee, na mume wangu?"

"Mwanangu, nenda nyumbani ukaketi. Watu watakuja kukaa matanga."

"Matanga ya nani? Sijaona maiti."

"Nyalusanga halirudishi maiti." Akaendelea kumwaga. "Usinitazame hivyo. Sikulitengeneza mimi."

Kalunde akaenda kwa Lugusha, aliyekuwa ameketi chini na kichwa katikati ya magoti.

"Shemeji, niambie. Aligonga vipi?"

"Shemeji, niache."

"Vipi?"

"Tatu. Kisha kimya. Tatu tena. Kisha kimya. Kama… Sijui kama nini. Ubao juu ya ubao."

"Nanyi mliona nini?"

"Matete! Naapa kwa mama yangu, matete matupu. Sauti inatoka pale, hatua tano, na pale hapana mtu. Hapana kitu. Matete na jua la asubuhi tu."

Nyamizi alikuwa amekaa mlangoni akisuka jamvi. Mkono ukasimama.

"Tatu tatu?" akauliza.

"Tatu tatu, mama."

Nyamizi akaliweka jamvi chini. Akainuka.

Kalunde akaingia ndani, akamnyonyesha Holo, na huku anamnyonyesha akafikiri. Alifikiri kama mwanamke anavyofikiri akiwa na unga kibaba kimoja na midomo minne: bila kupoteza punje. Tatu, kisha kimya. Nani hapa duniani anagonga mara tatu halafu ananyamaza kusubiri? Anayebisha hodi. Simba habishi hodi. Mamba habishi hodi. Na zimwi linalotaka kukula, linakuomba ruhusa ya nini?

Halafu akafikiri jambo la pili, na hilo likamtoa jasho. Matete matupu, hatua tano. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake. Wanaume walikuwa wametafuta asubuhi, na mtumbwi ule aliupaka kwa ajili ya asubuhi. Kama Mlekwa angekuwa ameugeuza kurudi nyumbani, kivuli kingekaa upande usio wake, na hata Lugusha angeshangaa. Kwa hiyo hakuugeuza. Siku tatu ulikuwa umelala vilevile, kichwa kimeelekea mawio, ndani yake mtu anabisha hodi, na ndugu zake wanapiga makafi kumkimbia.

Akamwacha Holo kwa jirani, akatoka. Nyamizi alikuwa tayari amesimama nje ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

"Tunakwenda lini?" Nyamizi akauliza.

"Alasiri, mama. Jua likishageuka. Asubuhi hatutamwona."

"Alasiri mafunjo yanatembea."

"Najua."

"Na viboko wanatoka."

"Najua, mama."

"Basi ni vizuri kama unajua. Kama ni Mgongaji kweli, anianze mimi. Nyama yangu ngumu, itamchelewesha."

Walivuka majivu ya Kapela jua likiwa limeinama. Mzee aliwaona, akapiga kelele, "Nyamizi! Wewe mwanamke! Utatuletea balaa kijijini!" Nyamizi hakugeuza shingo. Waliingia na mtumbwi wake wa kukatia mafunjo, mweupe, mkavu, haujapakwa hata doa. Ulionekana kutoka mbinguni.

Mmewahi kuwa mahali ambapo njia inajifunga nyuma yenu? Upepo ulivuma, na mafunjo yakaja polepole, bila haraka, kama mlango unaosukumwa na mtu msiyemwona. Walipita mkondo, Kalunde akatazama nyuma, mkondo haupo. Walipita mwingine, nao ukajifunga. Matete yalisugua matete, shaa, shaa, na kila sauti ilikuwa kama inataka kuwa kugonga, halafu inaacha. Bata waliwaona, wakaruka wote kwa pamoja, na kivuli chao kikawapita juu ya vichwa. Kalunde alikaza macho kwenye matete, upande huu na upande ule. 

"Unatafuta nini?" Nyamizi akauliza kwa sauti ya chini.

"Jua liko nyuma yetu, machweo. Matete yote yamepigwa na jua upande huu. Natafuta yaliyopigwa na jua upande ule."

Nyamizi akafikiri. "Matete yanayodanganya."

"Ndiyo, mama. Matete yangu."

Pembe ya mashariki. Ukuta wa matete, mrefu, wa dhahabu. Walipita taratibu. Kalunde alitazama mpaka macho yakachuruzika machozi. Tete, tete, tete, upande wa machweo unang'aa, upande wa mawio mweusi. Tete, tete, tete. Jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili. Tete, tete.

Na hapo akaona.

Sehemu fupi, urefu wa mtu aliyelala. Matete ya hapo yalikuwa meupe upande wa mawio na meusi upande wa machweo, kana kwamba bwawa zima limefika jioni, na hapo peke yake bado ni asubuhi.

"Namwona," akasema, akanyoosha kidole.

"Usikishushe hicho kidole," Nyamizi akanong'ona, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usigeuke. Kuna kiboko. Ana mtoto."

Kiboko alikuwa amelala majini kati yao na ule ukuta, mgongo wake kama mwamba. Hapo Kalunde akaelewa kwa nini Mlekwa hakupiga kelele. Kiboko mwenye mtoto akisikia mtu anapiga kelele, anakuja.

"Jua likizama atatoka kwenda malishoni," Nyamizi akasema. "Tukae kimya."

Lakini sikilizeni shida iliyokuwapo. Jua likizama, kivuli kinakwisha. Kivuli kikiisha, ile asubuhi ndogo inazimika, matete yanakuwa matete, na mtumbwi unapotea tena. Kama Kalunde akigeuza jicho, hata mara moja, kesho ataanza upya, na kesho nyingine haikuwapo. Basi alinyoosha mkono, kidole mbele, macho juu ya kidole, akakaa hivyo. Jaribuni siku moja. Mkono unakuwa mzito kama mtungi.

Maji yakatikisika.

"Anainuka," Nyamizi akasema.

"Yuko wapi?"

"Usigeuke. Anakuja."

"Karibu kiasi gani?"

"Kiasi cha kunusa."

Kalunde alimsikia. Alisikia pumzi, pffuu, na matone yakamwangukia shavuni, ya moto, yananuka majani yaliyooza. Mtumbwi ukainuliwa kidogo upande mmoja, ukashuka. Kitu kikasugua ubao chini ya miguu yao, polepole, kwa muda mrefu, kama mtu anayepitisha mkono juu ya kifuniko cha chungu kutafuta pa kushika. Kalunde hakupepesa. Alitazama asubuhi yake ndogo, nayo ilikuwa inafifia. Kucha za mkono mwingine zilikuwa zimemwingia katika paja, na baadaye aliona damu.

Kusugua kukakoma. Maji yakafunguka upande wa pili, na kitu kidogo kikafuata kikipiga chafya.

"Amepita," Nyamizi akasema.

Na jua likazama. Asubuhi ikazimika. Matete yakawa matete.

"Fuata kidole changu," Kalunde akasema.

Nyamizi akasukuma upondo. Walikwenda kwa kidole, moja kwa moja, mpaka kichwa cha mtumbwi kikaingia kwenye matete. Kalunde akatazama. Hapakuwa na kitu. Matete matupu, kijivu, na vyura walikuwa wamenyamaza.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika. Njiani alikuwa na kazi ya kufanya, sasa kazi ilikuwa imekwisha. Je, kama alikosea? Je, kama hodi ile haikuwa ya mtu? Alimtazama Nyamizi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwona yule mama ana hofu kama yeye.

Kalunde akashika kafi, akagonga ukingo wa mtumbwi wao. Ngo, ngo, ngo.

Kimya.

Hakuna aliyewahi kugonga kwenye bwawa lile kwa hiari yake. Akagonga tena. Ngo, ngo, ngo.

Kimya. Kisha, karibu sana, karibu na goti lake, kikajibu kishindo kimoja tu, dhaifu.

Ngo.

Na Kalunde akasema neno ambalo halijawahi kusemwa Nyalusanga. "Karibu," akasema. "Karibu, Baba Holo." Akanyoosha mkono ndani ya matete, ukagusa tete, ukagusa tete, ukagusa ubao mkavu wenye kukwaruza kwa utomvu wa mgunga. Macho hayakumwona mume wake. Mkono ndio uliomwona.

Alikuwa amelala ndani, paja limevunjika na kuvimba. Kiboko yule aliugonga mtumbwi siku ya kwanza, upondo ukaenda na maji, kisiwa cha mafunjo kikaja kikamziba. Midomo ilikuwa imepasuka na sauti ilikuwa kama ya jani.

"Nani?"

"Mke wako. Na mama."

Akaushika mkono wa Kalunde. Kisha akasema, "Lugusha alipita hapa. Leo. Nilihesabu meno yake, Mama Holo. Nikagonga. Alinitazama machoni, akapiga yowe, akanikimbia."

Kurudi kwao kulikuwa kusukuma na kusukuma. Nyamizi alikuwa amekata mafunjo humo miaka thelathini na alijua pa kupenya. Waliufunga mtumbwi wa Mlekwa nyuma ya mtumbwi wao, na watu waliokuwa dikoni waliona nini? Waliona wanawake wawili wanakuja gizagiza, na nyuma yao kichaka cha matete kinawafuata. Hata Lugusha alikimbia, akaacha kandambili ya ngozi kwenye tope. Ilibidi Mlekwa mwenyewe amtukane ndipo arudi.

Wakambeba mgonjwa. Watu wakatoka majumbani, wakawasha moto, wakaanza kucheka kile kicheko cha watu waliokuwa na hofu. "Kumbe ni Mlekwa!" wakasema. "Kumbe Mgongaji ni Mlekwa!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akaja kumshika mkono Nyamizi. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, miguu majini, hasogei.

"Mama, njoo ndani," Kalunde akasema. "Mwanao anakuuliza."

Nyamizi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Mzee Kapela, mwenye kapu lake tupu la majivu.

"Siku tano," Nyamizi akasema.

Kicheko kikapungua.

"Mwaka ule aligonga siku tano, Kapela. Wewe ulikuwa kijana. Ulikuwa kwenye mtumbwi wa mbele. Ulikuja mlangoni kwangu ukaniambia, Nyamizi, funga mlango, Mgongaji yuko nje. Nami nikafunga."

Moto ulialika. 

"Siku tano alibisha hodi," Nyamizi akasema. "Siku ya sita akaacha."

Mzee Kapela aliinama. Akaanza kuyachota yale majivu kwa mikono yake, kutoka mti mpaka mti, akiyarudisha kapuni. Alichota mpaka kulipokucha, na hakuna aliyemsaidia.

Mlekwa alipona, akabaki na mguu mfupi. Asubuhi ya siku alipotoka nje mara ya kwanza, alimkuta Kalunde ameuchukua mtumbwi ule, amechovya mkono katika udongo mweupe. Pa! Akaupiga palepale. Nyamizi akaja, akachovya wake, akaupiga pembeni. Bata waliuona mbali, na mwaka ule watu walikula mizizi ya mayungiyungi wakakonda. Lakini wote walirudi adhuhuri.

Na Mgongaji? Tangu hapo hakusikika tena Nyalusanga. Au tuseme alisikika mara nyingi, ila watu walimwitikia, wakaenda kumchukua.

Wajukuu zangu, shikeni haya mawili. Jifiche kwa unachokiwinda, usijifiche kwa wanaokutafuta. Na ukisikia kitu kinagonga nawe unaogopa, uliza kwanza ni nani, ndipo ukimbie. Mbio zina nafasi yake, lakini zisitangulie swali.

Kisa kilikuja na njaa, kimeketi, kimekula mahindi yenu, sasa kinachukua fimbo yake. Kinachowabakia ni ile hodi yangu ya tatu. Mnaikumbuka? Basi isikilizeni, naibisha mlangoni.

Hodi!

Mbona kimya? Itikieni, watoto. Huko nje kuna mtu anasubiri.